Uso Usio na Kidirisha

Saa ya marehemu Omari bin Shaban ilikaa mikononi mwangu miaka kumi na miwili, na katika miaka hiyo yote sikukifungua kitambaa chake hata mara moja. Nililihesabu jambo hilo kuwa uaminifu. Padre aliyetufundisha kutunza vyombo vya misa katika sakristia alikuwa akisema kwamba mwenye kuchungulia amana amekwisha kuila nusu yake, nami nililishika neno lile kama nilivyozishika Amri. Ndiyo sababu siku nilipoketi mbele ya meza ya fundi saa Yahaya, mtaa wa Gongoni, Tabora mjini, nikaulizwa saa yenyewe ilikuwa na sura gani, nilikosa la kujibu.

Omari alikuwa mfanyabiashara wa asali na nta hapa Tabora. Babu yake na babu yangu walikuwa wapagazi katika njia ya misafara, wakabeba pembe pamoja hadi Bagamoyo. Babu yake alirudi Mwislamu. Wangu alirudi kama alivyokwenda, na wazee wetu wakabatizwa baadaye. Undugu haukukatika kwa sababu hiyo. Mwaka 1962, Omari alipofunga safari ya Hija, nilimsindikiza stesheni. Treni ilipokuwa ikijaza maji, aliivua saa yake mkononi, akaifunga katika kitambaa cheupe, akanitilia mfukoni kabla sijasema neno. Alinieleza kwamba akijaliwa kurudi ataichukua. Asiporudi, ni ya binti yake Mwanajuma, siku atakapoanza kazi yake mwenyewe. Ndugu zake hawakuwa watu wabaya, lakini wangeiuza.

Nilimwuliza kama hakuona Mwislamu wa kumwachia.

"Nimewakagua wote wa Gongoni," akasema, "nikaona afadhali Mkatoliki anayechapa watoto kwa kunakili hesabu."

Alikuwa akinitania, lakini alisema kweli. Nilikuwa mwalimu mkuu, na kosa la kunakili sikulisamehe kwa mtoto yeyote, wa katekista au wa shehe. Mwanajuma mwenyewe alikuwa darasa la pili shuleni kwangu, naye aliionja fimbo hiyo mara moja.

Omari alifariki huko huko Makka. Mama yake Mwanajuma alikwisha kufa zamani, basi mtoto akachukuliwa na mama yake mdogo, Batuli, akaenda kukaa Kaliua. Mimi nikaiweka saa katika kopo la biskuti, na kopo katika sanduku la nguo, na hapo ikakaa.

Mwaka 1974 tulihamia kijiji kipya, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kwetu Itetemia. Nilikwisha kustaafu ualimu, na watu wakanichagua niongoze kamati ya uhamaji. Nilisimama mkutanoni nikasema maneno ambayo hadi leo ninaamini yalikuwa ya haki: kwamba twendeni na majembe, vyungu na watoto, na kwamba vitu vya anasa tuwaachie wale wanaoishi kwa jasho la wenzao. Watu walinipigia makofi. Jioni ile nikakumbuka kopo la biskuti.

Saa ile ilipakwa dhahabu na ilikuwa na chapa ya mataji matatu. Watu wa mjini waliiita Taji Tatu, na wachache walioivaa walijulikana kwa majina. Vitu vyote vilipakiwa juu ya lori mbele ya macho ya jirani. Masanduku yalifunguliwa ili kupunguza uzito, na vijana walioshika kazi ile walikuwa wanafunzi wangu wa jana. Niliwaza: wakiiona, nitawaeleza vipi? Jibu lilikuwa rahisi, neno moja tu, amana, na hakuna mtu wa Tabora asiyelielewa. Lakini niliona haya kulisema baada ya hotuba yangu. Nililitoa kopo sandukuni, nikalifukia ndani ya kihenge, chini ya mtama uliobaki, nikanuia kurudi baada ya siku mbili, peke yangu, kulichukua kwa miguu.

Nilirudi siku ya tatu. Ulikuwa mwezi wa Septemba, na moto wa nyika ulikuwa umepita. Kihenge kilikuwa duara jeusi juu ya ardhi. Kopo lilikuwa limepasuka, na watu waliotangulia kupekua majivu kutafuta misumari walikwisha kuchukua walichokitaka. Nilichekecha kwa vidole vyangu hadi mchana, nikapata kitu kimoja tu: kasha la saa lililopindwa na moto, tupu, halina kioo, halina uso, halina mashine.

Mke wangu Tekla alinishauri nimwandikie msichana siku ile ile. Niliandika barua mbili, nikazichana zote. Barua ya tatu haikuwa yangu, ilikuwa yake. Mwanajuma aliandika, kwa mwandiko niliomfundisha mimi, kwamba amehitimu uuguzi, ataanza kazi katika hospitali ya hapa Tabora mwezi wa Januari, na kwamba Jumamosi ya kwanza baada ya Krismasi atakuja kijijini kuchukua amana ya baba yake. Zilibaki wiki tatu.

Ndipo nikaenda Gongoni.

Fundi Yahaya alikuwa mtu wa makamo, mwenyeji wa Ujiji, aliyehamia Tabora yapata miaka mitano tu kabla ya hapo; hakumjua Omari. Aliniamkia, nikamwitikia, nikalitua lile kasha mezani pake. Alilitazama kwa kioo chake cha jichoni, akanipa pole kana kwamba nimefiwa. Akanieleza kwamba Taji Tatu haitengenezwi tena. Kiwanda kilikwisha kuiacha zamani, na sasa, hata mwenye uwezo hawezi kuiagiza. Ni kuokota vipande vilivyobaki na kuviunga. Lakini yeye alikuwa na bahati ya vipande. Alifungua mtoto wa meza, akatoa kikopo cha tumbaku, akazipanga nyuso tatu za saa juu ya karatasi nyeupe.

Wa kwanza ulikuwa mweusi, na mahali pa tarakimu palikuwa na vijiti vya dhahabu. Wa pili ulikuwa na rangi ya maziwa, wenye tarakimu za kawaida, na upande wa kulia palikuwa na kidirisha kidogo cha kuonyesha tarehe. Wa tatu ulikuwa mweupe kabisa, wenye tarakimu za Kirumi, hauna kidirisha. Kila uso, alisema, angeweza kuupatia mashine yake. Makasha nayo yalikuwa ya ukubwa wa namna mbili: milimita thelathini na nne, alilokuwa nalo mezani, na milimita thelathini na sita, ambalo karani mmoja mstaafu wa reli alikuwa nalo Kaliua, kwenye saa isiyotembea.

"Sasa, mzee wangu," akasema, "tuanze na ukubwa."

Alilipima lile la kuungua. Upande mmoja lilitoa thelathini na nne, upande wa pili thelathini na saba, kwa jinsi lilivyopindika. Kwa hiyo halikusema lolote. Nilifikiri. Saa inakwenda kwa mwanamke, na lile dogo lingemkaa vizuri zaidi. Lakini aliyeinunua alikuwa Omari, mtu mwenye kifundo cha mkono kama mpini wa shoka. Nikasema, kubwa. Yahaya akakubali kwamba hiyo ni hoja.

Tukaja kwenye uso. Alinitaka nifumbe macho nikumbuke siku ile ya stesheni, Omari alipoivua. Nilifumba. Niliona jua, moshi wa treni, mkono wa shati unaopandishwa, na kitu kilichometa. Baada ya hapo niliona kitambaa.

"Miaka kumi na miwili hukuifungua hata kuitia ufunguo?" akauliza.

Nikamwambia kwamba haikuwa yangu.

"Basi wewe, Mwalimu, umeilinda hadi ukaipoteza kabla haijaungua."

Sikupendezwa na maneno hayo. Nikamwonyesha ule wa Kirumi. Nilimweleza kwamba tarakimu za Kirumi ndizo zilizokuwa juu ya mnara wa kanisa tuliposoma, na kwamba ni tarakimu za mtu mwenye adabu. Uso mweusi niliuona wa wachezaji dansi. Na kuhusu kidirisha cha tarehe nikasema kwamba mtu asiyejua tarehe hadi aambiwe na mkono wake ni mvivu wa akili, na Omari hakuwa mvivu.

Yahaya alinitazama kwa lile jicho lisilo na kioo.

"Mzee wangu, nakuuliza ya marehemu, unanijibu yako."

Kisha akalichukua tena lile kasha la kuungua, akatafuta kijiti cha kupimia. Alisema nimngoje apime na kina chake, maana mashine ya tarehe ni nene, na kasha lake huwa na kina zaidi. Moto unaweza kupinda duara lakini kina haukipunguzi. Nami nilikwisha kusimama. Nilimwambia kwamba shauri la tarehe limekwisha, aiunge saa kama nilivyochagua. Ukweli ni kwamba niliogopa atakachokiona. Nilipochagua, nilipata utulivu kidogo, na sikutaka kuupoteza.

Alinirudishia lile kasha bovu. "Lichukue," akasema. "Hili ndilo amana. Nitakachokuundia ni saa." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini ya mtu anayemheshimu mkubwa wake, kwamba katika dini yao amana ikiteketea bila uzembe, aliyeitunza hadaiwi kitu, aseme tu ilivyokuwa. Nilimjibu kwamba naijua hukumu hiyo. Sikumwambia habari za kihenge, wala kwa nini kopo lilikuwa humo.

Nilikwenda Kaliua kwa treni, nikalipata kasha la karani. Kwa ajili hiyo nilimwuza ng'ombe wangu wa maziwa. Tekla, aliyemkamua ng'ombe yule kwa miaka minne, alisimama mlangoni akimtazama anavyoswagwa.

"Baba Damas," akaniuliza, "wajukuu zako watakunywa saa?"

 Tangu siku hiyo hakunizungumzia tena jambo hilo. Saa ilipokamilika, niliiweka kwa majira ya Kizungu, kama tulivyofundishwa, ambapo mshale ukiwa juu ya kumi na mbili wewe unasoma saa sita. Nikaifunga katika kitambaa cheupe nilichokifua na kukizeesha kwa kukianika juani siku nne. Naliandika hili waziwazi kwa sababu watu hudhani uongo hufanywa kwa mdomo tu. Wa kwangu niliufanya kwa sabuni na jua.

Jumamosi ile Mwanajuma alifika baada ya adhuhuri, akiwa nyuma ya baiskeli ya mwenyeji mmoja wa kijiji. Nilimwacha mtoto wa miaka minane. Aliyeshuka alikuwa mwanamke wa miaka ishirini, mrefu, mwenye paji la uso la Omari. Alipiga magoti kunisalimu, nikaona haya. Tekla alimpikia ugali wa mtama na mlenda, wakala pamoja jikoni, na kicheko chao kilinifikia mahali nilipoketi. Alimweleza Tekla jinsi wauguzi wanavyohesabu mapigo ya moyo kwa saa, na jinsi alivyokuwa akiazima saa za wenzake muda wote wa mafunzo, akikataa kununua yake kwa kuwa anayo, iko Tabora, kwa Mwalimu.

Alasiri ilipopita, tuliketi uani, sisi watatu. Nilimkabidhi kitambaa kwa mikono miwili. Alikipokea kwa mikono miwili, akakifungua polepole. Aliivaa saa, ilikuwa kubwa kwake, ikaning'inia, naye akatabasamu akasema mkono wa baba ulikuwa mkubwa. Kisha akaugeuza uso wa saa kwenye mwanga. Aliutazama kwa muda mrefu. Nikaona tabasamu likiondoka kidogo kidogo, si kwa hasira, bali kama mtu anayepiga hesabu na jibu likakataa kutoka.

Aliniuliza kama imewahi kupelekwa kwa fundi.

Ningeweza kuukomesha uongo hapo. Mlango ulikuwa wazi. Nikasema: "Ndiyo hii aliyoniachia baba yako."

Tekla aliinuka akaingia ndani.

 Jua lilikuwa linashuka nyuma ya miombo, na watu walikuwa wanarudi kutoka shamba la kijiji, majembe begani. Wengine walitusalimu, tukawaitikia. Ndipo Mwanajuma akaanza kusema, huku akiitazama saa na si mimi.

Alisema kwamba katika maisha yake na baba yake alikuwa amebakiwa na kumbukumbu moja tu iliyo kamili. Nyingine zote ni vipande. Kila jioni, baada ya kazi, Omari alikuwa akiketi barazani kwao Gongoni na kumpakata. Saa yake aliiweka kwa majira ya Kiswahili, ili ikisema kumi na mbili iwe ni kumi na mbili kweli, na jua liwe linaaga. Kwa kuwa aliiweka hivyo, tarehe katika kidirisha haikubadilika usiku wa manane kama katika saa za watu wengine. Ilibadilika machweo, siku inapoanza kwa Mwislamu. Tarakimu ilikuwa ikipanda taratibu, ya zamani ikijificha na mpya ikichungulia, na mwadhini alipoinua sauti yake, mpya ilikuwa imetulia mahali pake.

"Baba alikuwa ananiambia, siku imezaliwa, isalimie. Siku moja nikaiambia shikamoo. Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akasema mtoto aliyezaliwa sasa hivi haamkiwi. Yeye ndiye anayekuamkia wewe, itikie. Basi kila magharibi nikawa naitikia marahaba."

Alisimulia kwamba alipokwenda Kaliua aliendelea kuitikia kila jioni, bila saa. Mama yake mdogo alimkataza, akamwambia hakuna saa duniani inayobadili tarehe jua likizama, kwamba amejitungia, kama yatima wanavyojitungia. Waliligombania jambo hilo kwa miaka mingi. Mwisho alijiambia kwamba ataacha kubishana naye hadi aipate saa, na saa itaamua.

"Sasa imeamua," akasema. "Haina hata kidirisha. Nilikuwa mtoto, Mwalimu. Nimetunga."

Nilijaribu kusema kwamba watoto huchanganya mambo. Nadhani nilisema hivyo. Yeye alitikisa kichwa kwa adabu, kama mwanafunzi anayekubali kusahihishwa, akaanza kukikunja kile kitambaa.

"Ninachowaza ni kimoja tu. Kama hili nimelitunga, basi sijui ni lipi la baba nililolipata kweli. Labda hata kicheko chake ni changu."

Katika kijiji chetu kipya hapakuwa bado na msikiti. Palikuwa na mzee mmoja aliyesimama juu ya kichuguu na kuadhini. Sauti yake ilianza wakati ule. Mwanajuma aliinua kichwa, midomo yake ikafunguka, kisha akaifunga. Hakusema lile neno. Ile jioni moja niliyomwona mimi, ndiyo jioni aliyoacha kuitikia.

Nilikuwa mwalimu kwa miaka thelathini na mmoja, na nilikuwa nimesadiki kwamba dhambi ya kunakili ni kumwibia aliyefanya kazi. Sikuwahi kuona hadi dakika ile kwamba nakala inaweza kumwibia mtu kitu alichokwisha kuwa nacho kifuani. Niliinuka.  Nilikwenda chumbani, nikalitoa lile kasha lililopinda chini ya godoro, nikarudi, nikaliweka katika kiganja chake juu ya kitambaa.

Nikamwambia yote: hotuba yangu, kopo, kihenge, moto, nyuso tatu juu ya karatasi, kitambaa kilichoanikwa. Nilisema nikiwa nimesimama, na sikuongeza kisingizio. Nilipomaliza giza lilikuwa limeanza kuingia, na Tekla alikuwa amesimama mlangoni na taa ambayo hakuiwasha.

Mwanajuma alikuwa akilizungusha kasha kwa kidole gumba. Masizi yalimchafua.

"Kwa hiyo kidirisha kilikuwako?" akauliza.

Hapo ndipo nilipoadhibiwa. Maana ningeitoa mali yangu yote ili niweze kumjibu ndiyo, na ningeweza kumjibu ndiyo, angeniamini. Lakini ungekuwa uongo wa pili, hata kama ni wa kweli.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Sikuifungua kamwe."

"Miaka yote hiyo."

"Miaka yote."

Alinitazama sasa, kwa mara ya kwanza tangu alipoanza kusimulia. "Ulituchapa kwa kunakili," akasema. Hakupaza sauti.

"Niliwachapa."

Nilimwambia habari za fundi Yahaya na kile kina ambacho sikumruhusu akipime. Nilijitolea kumpeleka Gongoni mwenyewe. Alisema anaijua njia, alizaliwa huko. Usiku ule alilala na Tekla, na asubuhi, nilipotoka nje, alikuwa amekwisha kuondoka kwa miguu na akina mama waliokuwa wakienda mjini. Kasha la kuungua alilichukua. Saa aliiacha juu ya kiti changu, imefungwa katika kitambaa kama nilivyompa. Tekla aliniambia kwamba msichana aliniachia salamu, naye hakutaka kuniambia zaidi.

Nilikaa hadi wakati wa Kwaresima bila kupita Gongoni. Nilipopita, Yahaya aliniita kutoka mezani pake. Alisema binti yule alimjia jioni ya Jumapili, alipokuwa anakusanya vyombo afunge kazi. Alimpimia kasha lile mara tatu ili asimdanganye. Kina chake kilikuwa cha mashine ya tarehe, hapana shaka. Alimwambia hivyo, na wakati ule ule adhana ikaanza.

"Sasa, mzee wangu, nieleze," Yahaya akasema. "Alikitazama kile chuma kibovu, akasema marahaba. Na mimi sikuwa nimemwamkia."

Nilimweleza. Aliitua bisibisi yake. Kisha akajitolea kwa wema: niilete ile saa ya Kirumi, atautoa uso ule na kuweka ule wa rangi ya maziwa wenye kidirisha, na mashine yake nene, katika kasha linalostahili, nami nimpelekee msichana hospitalini. Hakutaka ujira.

Nilimshukuru, nikakataa. Mwanajuma hunisalimu tukikutana, hupiga goti kidogo kama alivyolelewa, na nikipelekwa hospitalini kwa kifua changu hunihesabia mapigo ya moyo kwa saa ndogo ya bei nafuu aliyoinunua mwenyewe. Hajawahi kuniuliza habari ya saa nyingine, nami sioni haki ya kumpelekea moja. Ile ya mataji matatu iko mezani pangu, imefunguliwa, haina kitambaa. Kila asubuhi huitia ufunguo. Uso ule niliuchagua mwenyewe, acha niutazame.